Bata mwitu akitotoa shambani mwako, mfungulie njia ya kwenda majini

MVUA ya masika inapoanza kunyesha na wakulima wa Misikhu, katika kaunti ya Bungoma, wakawa wamemaliza kupanda mahindi, majani yaliyo kandokando ya mitaro na mabwawa ya samaki hurefuka upesi kuliko mwenye shamba anavyoweza kuyafyeka. Ni humo ndani ambamo bata mwitu huficha kiota chake. Mwenye boma huenda asijue lolote hadi siku ile anaponyanyua panga na kitu kizito cha rangi ya udongo kikafyatuka karibu na miguu yake kwa kishindo cha mbawa, kikamwacha ameduwaa mbele ya mayai manane au kumi yaliyolazwa juu ya manyoya laini.

Yatakayofuata hutegemea uamuzi wa dakika chache. Wapo watakaoyachukua mayai hayo na kuyapeleka jikoni. Wapo pia wenye huruma, watakaoyaweka chini ya kuku anayeatamia, au watakaosubiri vifaranga watoke kisha wawafungie kibandani wakinuia kuwakinga dhidi ya mwewe na mbwa. Makala haya yanawahusu hao wa pili. Mwenye nia mbaya anajua anachokifanya, ilhali mwenye huruma mara nyingi huua bila kujua.

Kwanza tumtambue ndege mwenyewe. Si kila bata anayeonekana magharibi mwa Kenya ni mwenyeji. Kati ya Oktoba na Machi hivi, bata wengi kutoka Ulaya na Asia hutua katika maziwa na vinamasi vyetu wakiikimbia baridi ya kwao. Hao hawatagi huku. Hula, hupumzika, kisha hurejea kaskazini. Kwa hivyo bata mwitu anayeonekana Misikhu akiwa na vifaranga ni mwenyeji, na makao yake yakiharibiwa hana kwingine anakokuita kwao. Katika nyanda za juu, anayepatikana zaidi ni bata wa mdomo wa njano, mwenye manyoya ya kijivu na kahawia yaliyopakwa weupe pembeni kama magamba ya samaki. Yuko pia bata wa uso mweupe, ambaye husikika akipiga mbinja angani usiku, na bata bukini wa Misri, yule mkubwa mwenye duara la kahawia kuzunguka jicho. Huyu bukini hachagui sana mahali: hutaga ardhini, katika pango la mti, na hata ndani ya kiota kikuukuu cha fundichuma, lile jumba la vijiti ambalo wazee wengi wanakataza lisiguswe.

Tofauti moja kati yao ina maana kwa anayetaka kusaidia. Bukini wa Misri na bata wa uso mweupe hulea wakiwa wawili, dume na jike. Kwa bata wa mdomo wa njano, jike huatamia na kulea peke yake. Akiuawa yeye, hakuna wa kushika nafasi yake.

Sasa turejee kwenye mayai, maana hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Mtu huyagusa, akayakuta baridi, akaangaza huku na huku asimwone ndege, akakata kauli kwamba yameachwa. Kumbe hayajaachwa. Bata hutaga yai moja kwa siku, na haanzi kuatamia hadi atakapomaliza, au akaribie kumaliza, hesabu yake. Mwenye mayai kumi ametumia siku kumi hivi kuyakusanya, na katika siku hizo zote mayai hulala baridi bila kudhurika. Hata baada ya kuanza kuatamia, jike huondoka mara moja au mbili kwa siku kwenda kula na kuoga. Kabla ya kuondoka huyafunika mayai kwa manyoya laini aliyoyanyonyoa kifuani mwake, ili yasipoe haraka na yasionekane na kunguru. Anayekuta mayai yaliyofunikwa hivyo na akadhani ni kiota kilichotelekezwa, amekutana na ushahidi wa kinyume kabisa.

Ipo sababu ya utaratibu huu. Kwa kuwa mayai yote huanza kupashwa joto kwa wakati mmoja, vifaranga wote hutoka karibu kwa wakati mmoja, baada ya wiki nne hivi. Mwewe anaweza kutotoa kwa zamu kwa sababu watoto wake watakaa kiotani majuma mengi wakiletewa nyama. Bata hawezi. Kifaranga wake halishwi mdomoni. Lazima atembee mwenyewe hadi kwenye chakula, na familia haiwezi kuondoka nusu nusu.

Kwa hiyo aliyegundua kiota kati ya mahindi yake au kando ya kitalu cha sukuma wiki ana kazi ndogo sana ya kufanya, nayo ni ngumu kwa sababu ni kazi ya kutofanya. Asifyeke hatua tano au sita kuzunguka mahali hapo. Palilia kwingine, urudi hapo baada ya mwezi. Usinyunyizie dawa ya kuua magugu upande huo. Kama tayari umefyeka na kiota kikabaki wazi kama sahani mezani, chukua majani yale yale uliyoyakata, uyaegemeze juu yake bila kuyashindilia, kisha uondoke. Wala usiende kuchungulia kila jioni. Anayekwenda kila siku huacha njia iliyokanyagwa, na nguchiro, kenge na mbwa wa jirani wote wanajua kufuata njia. Watoto waambiwe ukweli badala ya kutishwa. Mtoto aliyeaminiwa siri ya kiota huilinda kuliko aliyekatazwa asikaribie bila kuelezwa sababu.

Wengi huuliza: je, nikiyagusa mayai, mama atanusa mkono wangu na kuyakataa? Imani hii imeenea kote. Harufu ya mkono haimfukuzi bata kwenye kiota chake. Kinachomfukuza ni kushtuliwa mara kwa mara, hasa katika siku za mwanzo ambapo hajawekeza mengi. Kadiri siku za kuatamia zinavyosonga ndivyo anavyong'ang'ania kiota, na karibu na siku ya kutotoa anaweza kukaa kimya hadi panga limfikie. Ndiyo maana majike wengi hufia kiotani.

Siku yenyewe ya kutotoa haina shamrashamra. Vifaranga hutoka, hukauka chini ya mama, hulala hapo usiku mmoja, na mara nyingi asubuhi inayofuata mama huteremka nao kuelekea majini. Hatarudi tena kiotani. Safari hiyo inaweza kuwa ya hatua hamsini au ikapita kilomita moja, na yote ni kwa miguu. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote na ndipo mwanadamu anapoweza kuwa wa manufaa.

Itazame Misikhu ilivyokaa. Kituo cha biashara kiko kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, ile ile inayopitisha malori ya mizigo yanayoelekea Lodwar na Sudan Kusini. Mashamba yako pande zote mbili, na maji yako mabondeni. Bata aliyetaga upande mmoja wa barabara huku kijito kikiwa upande wa pili atavuka tu, kwa sababu hajui lori ni nini. Kabla ya barabara kuna ua wa waya, na pengine mtaro wa saruji wenye kuta zilizonyooka ambao mama huuruka kwa urahisi lakini kifaranga mwenye umri wa siku moja hutumbukia na kubaki akilia.

Ukiiona familia ikiwa safarini, fungua lango, zuia mbwa, sogeza watoto nyuma, kisha uwafuate kwa mbali. Usiwakimbize wala usijaribu kumkamata mama. Akishikwa au akikoswakoswa ataruka, na akiruka vifaranga watatawanyika majanini ambamo hutawapata wote. Penye barabara, watu wawili wenye vitambaa vya rangi, mmoja kila upande, wanaweza kuwaomba madereva wapunguze mwendo, lakini hilo lifanywe na watu wazima na mahali ambapo dereva anaona mbali. Uhai wa binadamu hauwekwi rehani kwa ajili ya bata.

Vifaranga wakitumbukia mtaroni, waokote mmoja mmoja, uwatie katika katoni iliyotandikwa kitambaa, uwapeleke upande ule mama alikosimama, uwaachilie wote kwa pamoja na ujitenge. Mama huwaita kwa sauti ya chini, nao humjibu kwa mlio mwembamba unaofika mbali kuliko unavyodhania. Hata kama ameruka, mara nyingi huwa yu karibu, akisubiri mwanadamu aondoke. Mpe saa moja, hata zaidi, kabla ya kusema vifaranga ni yatima.

Nasema haya nikiwa na deni la zamani. Nilipokuwa na miaka tisa hivi, nilimwokota kifaranga mmoja wa bata mwitu kwenye mpaka wa shamba letu na wa jirani, nikamkimbiza nyumbani nikiwa nimemfungia ndani ya shati. Kukhu, mama mzaa baba, alikuwa akiambua maharagwe uani. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, mrudishe ulikomtoa. Mama yake anamsikia." Sikumrudisha. Nilimtafutia katoni ya sabuni, nikampa makombo ya ugali, na kwa kuwa nilijua bata hupenda maji, nikamjazia beseni aogelee. Aliogelea kwa furaha jioni nzima. Usiku wa pili alikufa.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba kilichomuua ni lile beseni. Kifaranga wa bata huelea na kupiga mbizi tangu siku ya kwanza, jambo linalotufanya tudhani maji hayawezi kumdhuru. Lakini vinyoya vyake vya utotoni haviwezi kumweka mkavu kwa muda mrefu bila msaada. Porini, akichoka au akilowa, huingia chini ya tumbo la mama, akakaushwa, akapashwa joto, na vinyoya vyake vikajisugua kwenye manyoya yenye mafuta. Asiye na mama hulowa hadi kwenye ngozi, baridi ikamwingia, na usiku mmoja wa Misikhu wakati wa mvua unatosha kummaliza.

Makombo ya ugali nayo yalikuwa kosa la pili. Katika majuma ya kwanza, kifaranga wa bata anaishi hasa kwa wadudu, viluwiluwi, konokono wadogo na minyoo ya majini, pamoja na mbegu na majani machanga. Ugali na mkate humshibisha bila kumjenga. Isitoshe, ulishaji wa vyakula vya kunenepesha upesi kwa ndege wa jamii hii huhusishwa na ulemavu ambapo kiungo cha bawa hupinda nje na ndege asiweze kuruka maisha yake yote. Hii ndiyo sababu familia haiwezi kulelewa kati ya vitalu vya mboga, hata vikiwa na majani mazuri kiasi gani. Bustani ina kiota. Chakula kiko bondeni.

Je, ikiwa mama ameuawa kweli, mzoga wake ukiwa mbele yako na vifaranga wanane wakimzunguka? Hapo lazima mtu aingilie kati, lakini kwa shabaha ya kuwakabidhi kwa wanaohusika wala si kuwamiliki. Wapashe joto kama wafugaji wa kuku wafanyavyo na vifaranga wao, kwa taa iliyoinuliwa au chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ni hatari kwako na kwao. Wakikusanyika na kulia, wana baridi. Wakijitenga na kuachama midomo, wana joto jingi. Maji ya kunywa yawe ya kina cha kidole, yakiwa na mawe madogo ndani ili wasizame. Chakula cha vifaranga wa kuku kinaweza kuwasukuma siku chache, pamoja na sukuma wiki iliyokatwakatwa na wadudu, ingawa vitamini moja ya kundi B ambayo bata huihitaji kwa wingi huwa haba humo, na akikosa miguu hulegea. Usiwatupe kwenye familia nyingine ya bata ukitumaini watapokelewa. Wapo majike wanaowakubali vifaranga wa wenzao, na wapo wanaowadonoa hadi wafe.

Wakati huo huo, tuma ujumbe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia afisi zake zilizo karibu, au umpashe habari chifu naye aifikishe. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inamtaka mtu awe na kibali kabla ya kumfuga mnyamapori, na ndege ni wanyamapori. Kumwokoa kifaranga mtaroni si kosa. Kumgeuza awe wako bila kibali ni jambo jingine, hata kama ulimtoa kinywani mwa mbwa.

Kuna wanaoiona sheria hii kuwa ya kutesa maskini. Mimi naona ina msingi ambao mtaalamu mmoja kutoka Austria aliueleza kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Konrad Lorenz, ambaye mwaka wa 1973 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen, alionyesha kwamba kifaranga wa bata bukini hazaliwi akimjua mama yake. Katika saa za kwanza baada ya kutoka yaini hukiandama kitu cha kwanza kinachosogea mbele yake, na picha hiyo hukaa akilini mwake kama muhuri kwenye lakiri. Mabukini waliomwona Lorenz kwanza walimfuata Lorenz, wakawapuuza ndege wenzao. Kifaranga anayelelewa peke yake jikoni hujifunza kwamba binadamu ndiye mama, kwamba mbwa ni ndugu, na kwamba mlio wa kutahadharisha haumhusu. Baadaye, akikua, wenyewe humwita mpole.

Upole huo hugharimu. Mfano ulio wazi zaidi Afrika Mashariki hauhusu bata bali korongo wenye taji, ambao tangu mwaka wa 2012 wameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, na ambao nao hutaga katika vinamasi vya Kitale na Bungoma. Nchini Rwanda, ilikuwa desturi kuchukua makinda wao na kuwafuga katika bustani za nyumba na za mahoteli kama mapambo. Mwaka wa 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianzisha juhudi za kuwasajili korongo hao na kuwashawishi wenye nyumba wawatoe kwa hiari. Walioweza kuzoea maisha ya porini walipelekwa katika mbuga ya Akagera. Wengine hawakuweza kurudi. Walikuwa wamekatwa mbawa au kuvunjwa viungo, na ikabidi watengewe makao ya kudumu jijini Kigali, katika kinamasi kilichofufuliwa kiitwacho Umusambi. Hakuna aliyewachukia ndege hao. Walikuwa wamependwa vibaya.

Kwetu sisi hatari iko karibu zaidi, na imefuata mkondo wa maji. Mto Nzoia, unaokusanya maji ya milima ya Cherangani na Elgon, hupita karibu na Webuye kisha ukateremka hadi Budalang'i na kumwaga Ziwa Victoria. Huko chini, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, mtafiti wa ndege Martin Odino aliweka kumbukumbu, mwishoni mwa miaka ya 2000 na baadaye, za watu waliowaua ndege kwa dawa ya kuua wadudu ya carbofuran, iliyojulikana madukani kama Furadan. Dawa ilitiwa ndani ya konokono na kwenye nafaka. Ndege waliolengwa, wakiwemo korongo weusi wanaokula konokono, bata na njiwa, waliokotwa, wakapasuliwa na kuuzwa kama kitoweo kwa binadamu. Kampuni iliyoitengeneza ilitangaza mwaka wa 2009 kwamba inaiondoa katika soko la Kenya, baada ya kelele kuhusu simba waliouawa kwa dawa iyo hiyo.

Kilichonishtua zaidi katika taarifa hizo ni chambo. Wategaji walikuwa wakitumia ndege hai waliotekwa, wakawasimamisha mashambani ili wenzao walio angani wawaone na kushawishika kutua. Ndege husoma usalama kwa wenzake. Sasa mfikirie bata aliyelelewa nyuma ya jiko la Misikhu, anayemsogelea binadamu akiona mkono uliokunjwa kana kwamba umeshika punje. Kwa ndege mwenye mbawa, umbali kutoka hapa hadi mashamba yale si wa kutisha. Atatua wa kwanza, na wengine watamfuata.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi na neno "kuokoa" linavyotumika. Tukimtoa bata hofu yake ya binadamu, tumemtoa kinga pekee aliyo nayo dhidi yetu.

Kuwachanganya na bata wa nyumbani nako kuna madhara. Wengi wa bata wetu wa kufugwa ni wale wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika. Wale weupe, hata hivyo, wanatokana na bata mwitu wa kaskazini ambaye ni jamaa wa karibu wa bata wetu wa mdomo wa njano, na Afrika Kusini imeshuhudia jamaa hao wawili wakizaana hadi damu ya mwenyeji ikaanza kupotea. Aidha, kuna maradhi, na hayo hupita pande zote mbili. Januari 2017, homa ya ndege ilipothibitishwa Uganda, iligunduliwa kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria na pia kwa bata na kuku wa kufugwa, na Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka nchi hiyo. Ukiona ndege kadhaa wa majini wamekufa mahali pamoja bila majeraha, usiwaguse wala usiwape mbwa. Mwite afisa wa mifugo.

Pengine msomaji atauliza kwa nini bata aje kutaga penye watu ilhali kuna mito na mabonde. Jibu linaonekana kwa macho kutoka Webuye hadi Kitale. Vinamasi vya mabondeni, vilivyokuwa na mafunjo na matete, vimechimbwa mitaro vikakaushwa, vikapandwa mahindi, nduma na mboga, na pengine mikalitusi inayokunywa kilichobaki. Mbuga ya Kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale, iliyotengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swara wa majini, ina ukubwa wa kilomita tatu hivi za mraba. Haiwezi kubeba mzigo wa wilaya nzima za zamani. Siwalaumu waliokausha mabonde. Wana watoto wa kulisha na ardhi inagawanywa kila kizazi. Lakini bata hajahamia kwetu. Sisi ndio tumefika alikokuwa.

Kwa upande mwingine tumemchimbia maji mapya bila kukusudia. Mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa mwaka wa 2009 uliazimia kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, na magharibi mwa nchi ufugaji huo ulishika. Mengi ya mabwawa hayo yana kingo zilizosimama wima au zilizotandikwa karatasi ya plastiki inayoteleza. Bata huona maji akafurahi. Kifaranga huingia, kisha akashindwa kutoka, akazunguka hadi akachoka. Tiba yake haina gharama: ubao mmoja ulioinamishwa kutoka ukingoni hadi ndani ya maji, au gunia lililojazwa udongo na kulazwa pembeni, na kifaranga atapanda. Wavu wa kuzuia ndege wala samaki ukazwe vizuri. Uliolegea ndio unaonasa shingo. Anayehofu kwamba vifaranga watamaliza vidagaa vyake vya perege atambue kwamba chakula chao kikuu bwawani ni wadudu na mimea, na kwamba hawatakaa sana iwapo kuna maji bora karibu.

Familia ikishafika bondeni, kazi ya mwenye shamba imekwisha, ingawa hesabu yao itamuumiza moyo. Wanane wa leo wanaweza kuwa watano kesho kutwa na watatu mwisho wa mwezi. Mwewe, kenge na nguchiro nao wana watoto, na bata hutaga mayai mengi kwa sababu hiyo. Asiingie kichakani kuwahesabu, wala asiwapelekee chakula. Wakishazoea kulishwa ukingoni, atakayekuja na pumba kesho huenda akawa mtu mwingine.

Vifaranga wa bata wa mdomo wa njano huanza kuruka wakiwa na umri wa wiki kumi hivi. Mama naye, mwishoni mwa malezi, hupukutisha manyoya yote ya mbawa kwa mpigo mmoja, akakaa majuma matatu au manne bila uwezo wa kupaa. Kwa hivyo bata mzima anayekimbia majini bila kuruka katika kipindi hicho si mgonjwa wala hajajeruhiwa. Asikamatwe. Anasubiri mbawa.

Huko nyuma shambani kutakuwa kumebaki maganda ya mayai yaliyopasuka na kifungu cha manyoya ya kijivu yaliyolowa mvua. Vikionekana hivyo, na mahali pakawa kimya kwa siku mbili, yale majani yaliyoachwa yanaweza kufyekwa.